Redio Isiyo na Antena

Anayejenga chumba cha rubani nyumbani kwake kwa kawaida huanza na usukani, akafuatisha kanyagio za miguu na wenzo wa nguvu ya injini. Vyote hivyo vinauzwa vikiwa tayari. Unavichomeka kwenye kompyuta na safari inaanza. Redio huja nyuma, na pengo lake huonekana siku mtu anapojaribu kuruka ndani ya mawingu kwa kutegemea vyombo peke yake. Mwongozaji ndege anamwambia ahamie masafa mengine. Itambidi aachie usukani, ashike kipanya, aitafute kwenye skrini nobu isiyofika upana wa sentimita moja, aizungushe kwa gurudumu la kipanya, akipitiliza arudi. Akiinua macho, ndege imeshalalia bawa moja na kimo kimepotea. Kwenye Cessna ya kweli kazi hiyo hiyo hufanywa na mkono mmoja, jicho likitupwa mara moja tu kuhakikisha.

Ndiyo maana wapenzi wa simuleta wamekuwa wakijitengenezea nakala za paneli za redio tangu zamani, wengine kwa mbao na taa chache, wengine kwa akriliki iliyochongwa kwa leza hadi fundi wa ndege ashindwe kuitofautisha kwa mbali. Kinachowagawanya ni swali ambalo mara nyingi halitamkwi: nakala ifanane na redio halisi katika lipi? Ukiangalia picha wanazoonyeshana utadhani jibu ni sura, yaani rangi ya uso, aina ya herufi, skrubu za pembeni. Nionavyo mimi, sura ndiyo sehemu rahisi kuliko zote na ndiyo yenye faida ndogo. Kinachostahili jasho ni tabia: nobu inasogeza masafa hatua ngapi, dirisha linabadilika lini, na kati ya paneli na kompyuta ni nani mwenye neno la mwisho kuhusu masafa yaliyowekwa.

Historia ya simuleta inaniunga mkono. Edwin Link wa Binghamton, jimbo la New York, alikulia kwenye kiwanda cha familia kilichotengeneza piano na vinanda. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alichukua viriba vya hewa vya vinanda hivyo akajengea kisanduku cha kufundishia urubani, kinachoinama na kugeuka kama ndege ndogo. Mwanzoni kilipata wateja zaidi kwenye viwanja vya burudani kuliko kwenye shule za urubani. Mambo yaligeuka mwaka 1934, jeshi la Marekani lilipokabidhiwa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege na marubani wake wakafa katika hali mbaya ya hewa waliyokuwa hawajafundishwa kuimudu. Jeshi likanunua visanduku sita. Kufikia Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimeenea kwenye shule za kijeshi za nchi za Washirika.

Sasa angalia kilichokuwa kinafundishwa ndani yake. Hakukuwa na skrini wala picha ya nje; mwanafunzi alifunikwa kofia ya kisanduku akabaki na saa za vyombo na visikizio. Mwalimu alikaa mezani pembeni, kalamu yenye magurudumu ikichora kwenye ramani njia anayopita mwanafunzi, naye akimpelekea masikioni milio ya vituo vya redio vya wakati ule: herufi A ya Morse akiwa upande mmoja wa njia, herufi N akiwa upande wa pili, na herufi hizo mbili zikiungana kuwa mlio mmoja usiokatika akiwa katikati ya njia. Kisanduku hakikufanana na ndege yoyote. Mabawa yake yalikuwa ya mapambo. Lakini milio ilikuja kwa wakati wake, ikibadilika kwa namna ambayo ingebadilika angani, na hilo lilitosha kuwatoa marubani waliojua kurudi nyumbani ndani ya mawingu.

Ili mjadala usibaki hewani, tuchukue redio moja: KX 155 ya Bendix/King. Ni redio ya mawasiliano na ya urambazaji katika boksi moja, na tangu miaka ya 1980 imefungwa kwenye Cessna 172 nyingi mno, ndege ile ile inayofundishia wanafunzi kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi, na kwenye shule nyingi duniani. Uso wake ni mdogo, kama milimita 159 kwa 52. Upande wa kushoto ni mawasiliano, kulia ni urambazaji, na kila upande una madirisha mawili: la masafa yanayotumika na la masafa yanayosubiri. Chini ya madirisha kuna nobu ya sauti, kitufe chenye mshale wa pande mbili, na nobu ya kuchagulia masafa ambayo kwa hakika ni nobu mbili zilizovishwa kwenye mhimili mmoja, kubwa nje na ndogo ndani.

Mfuatilie rubani anayetoka 118.300 kwenda 121.700. Anazungusha nobu ya nje: tak, tak, tak, na 118 imekuwa 121. Anahamia ya ndani. Ikiwa imesukumwa ndani, kila hatua ni kilohezi 50, kwa hiyo kutoka .30 hadi .70 ni hatua nane. Akiivuta nje, kila hatua inakuwa kilohezi 25, na safari ile ile itamchukua hatua kumi na sita. Wakati wote huo masafa anayozungumzia hayajaguswa. Ni dirisha la kusubiri tu lililobadilika. Anabonyeza mshale, madirisha mawili yanabadilishana, na masafa ya zamani yanabaki upande wa kusubiri endapo hatajibiwa na itabidi arudi. Akibonyeza kitufe cha kusema kilichopo kwenye usukani, herufi ndogo T inawaka kati ya madirisha kumthibitishia kwamba anarusha.

Kuna jambo jingine ambalo mtu huligundua tu akiwa ameshika redio yenyewe. Nobu ya ndani ikifika mwisho wa megahezi, kutoka .975 kwenda mbele, inarudi .000 na tarakimu za megahezi hazisogei. Ya nje ikipita 136 inarudi 118. Yaani kila nobu inazunguka ndani ya shamba lake. Kwenye programu za Microsoft Flight Simulator zipo amri mbili tofauti kwa kazi hii, moja inayobeba kwenda megahezi inayofuata na nyingine isiyobeba, na mjenzi anayechukua ile ya kwanza atakuwa na redio isiyopo kwenye ndege yoyote ya aina hiyo. Hakuna mgeni atakayekuja nyumbani kwake akaliona kosa hilo kwenye picha. Mkono wake mwenyewe utaliona kila siku.

Hapo tunafika kwenye kifaa ambacho ndicho moyo wa kazi nzima, enkoda ya kuzungusha. Ndani yake kuna swichi mbili, tuziite A na B, zinazofunguka na kufunga kwa kupishana. Nobu ikigeuzwa kulia, hali zake hufuatana 00, 01, 11, 10, kisha 00 tena. Ikigeuzwa kushoto, mfuatano unarudi nyuma. Kompyuta ndogo ya ndani ya paneli hutambua upande wa kugeuka kwa kuangalia nani ametangulia. Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye meza, vyuma vinavyogusana ndani ya swichi havitulii mara moja: hurukaruka kwa milisekunde kadhaa kabla ya kukaa, na kompyuta inayosoma maelfu ya mara kwa sekunde huona migeuko mingi pale ambapo mkono umegeuza mara moja. Matokeo yake ni nobu yenye kichaa, inayoruka mbele mbili na kurudi nyuma moja.

Tiba ya kawaida ni kusubiri kidogo kila baada ya badiliko, na inafanya kazi mradi mtu azungushe polepole. Akizungusha kwa haraka, kule kusubiri kunameza hatua za kweli pamoja na za uongo. Njia iliyo bora ni kuwa na jedwali la migeuko inayokubalika. Kutoka 00 unaweza kwenda 01 au 10. Ukiona 11 moja kwa moja, hiyo ni kelele, itupe. Swichi ikirukaruka kati ya 00 na 01, jedwali linahesabu moja mbele na moja nyuma, na mwisho wake ni sifuri. Halafu kuna suala la mahali nobu inapotulia. Enkoda nyingi hupitia hali zote nne kabla ya kulia tak moja, nyingine hupitia mbili tu. Mjenzi asiyesoma karatasi ya kiwanda akahesabu kila hali kuwa hatua, atageuza mara moja na masafa yataruka kilohezi 100 badala ya 25. Nobu za namna hii ndizo zinazowakatisha watu tamaa, na lawama huenda kwa programu isiyo na hatia.

Kuipata enkoda yenyewe ni kazi nyingine. Vipingamizi, waya, taa na swichi za kawaida unavikuta Luthuli Avenue mjini Nairobi au Kariakoo Dar es Salaam bila shida. Enkoda ya mhimili mmoja pia inapatikana, kwa sababu wanafunzi wa uhandisi wanaitumia. Lakini ile ya mihimili miwili iliyovishana ni bidhaa ya kuagizwa, na nyingi zinazouzwa hubonyezwa, hazivutwi. Ndiyo maana karibu kila nakala ya KX 155 hubadilisha mvuto kuwa mbonyezo: unabonyeza nobu ya ndani na hatua zinatoka 50 kwenda 25. Mimi nalikubali badiliko hilo, maana vidole bado viko mahali pale pale na uamuzi ni ule ule. Nisichokikubali ni nobu moja tupu ambayo ukiibonyeza inahama kutoka megahezi kwenda kilohezi. Hiyo inamfundisha mtu kukumbuka yuko katika hali gani, mzigo ambao redio halisi haimpi.

Kuhusu madirisha. KX 155 ina tarakimu zinazowaka kwa gesi, zenye rangi ya machungwa iliyokolea, na zinahitaji volti nyingi ambazo hakuna sababu ya kuzileta kwenye meza ya nyumbani. Nakala hutumia taa za LED zenye vipande saba, nyuma ya kioo cha rangi. Hesabu ya waya ndiyo inayotisha: pande mbili, madirisha mawili kila upande, tarakimu tano kila dirisha, jumla ni tarakimu 20, na kila tarakimu ina vipande saba na nukta. Ukiunganisha kila kipande peke yake unahitaji njia 160. Wokovu wake ni chipu ya MAX7219, inayoendesha tarakimu nane kwa kuwasha moja baada ya nyingine haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Chipu tatu zikifuatana zinatosha kwa redio nzima, na kompyuta ndogo inazungumza nazo kwa waya tatu tu. Mwangaza wa kila chipu unawekwa na kipingamizi kimoja, kisha programu inaupunguza kwa ngazi 16. Chipu moja ikiwasha kila kitu kwa nguvu yake yote hula zaidi ya miliampea 300, na mlango wa kawaida wa USB 2.0 hutoa 500, kwa hiyo chipu tatu zinahitaji ama mwanga wa wastani au umeme wake wenyewe wa volti 5. Pia kila chipu inahitaji kapasita mbili karibu kabisa na miguu yake, moja ya mikrofaradi 10 na nyingine ya 0.1. Ukizikosa, siku moja redio itaonyesha tarakimu za ajabu kila unapowasha feni.

Tabia nyingine ya madirisha inayosahaulika ni kuzimika. Swichi kuu ya umeme ikizimwa kwenye simuleta, redio inapaswa kufa. Paneli nyingi za dukani na za nyumbani zinaendelea kung'aa kwa sababu zinapata umeme wa kompyuta, na rubani anajifunza kuanza orodha yake ya ukaguzi na redio iliyokwisha kuwaka. Kulirekebisha hakuhitaji waya hata mmoja. Ni kuiuliza simuleta kama umeme wa redio upo, na kama haupo, kufuta tarakimu.

Neno hilo, kuiuliza simuleta, linabeba uamuzi mzito kuliko wote katika ujenzi huu. Masafa yanakaa wapi? Kuna wajenzi wanaoyaweka ndani ya paneli: unazungusha nobu, paneli inahesabu, inaonyesha, kisha inaiambia simuleta weka 121.700. Paneli ya namna hii ni nyepesi mkononi kwa sababu haisubiri jibu. Lakini rubani akigusa redio kwa kipanya, au programu ya uongozaji ikimbadilishia masafa yenyewe, au akianza safari mpya kwenye ndege yenye masafa mengine, paneli na simuleta zinakuwa na kweli mbili. Kundi la pili linaiacha simuleta iwe mwenye redio. Paneli haijui masafa hata kidogo. Inasema tu nimegeuzwa hatua moja kulia, kisha inaonyesha chochote inachoambiwa. Hapo haiwezekani zikahitilafiana. Gharama yake ni muda. Simuleta inayochora picha 30 kwa sekunde hutoa jibu, kwa uchache, baada ya milisekunde 33, na kompyuta ikielemewa na mawingu na majengo ya jiji, tarakimu zinabaki nyuma ya vidole na rubani anapitiliza.

Mimi niko na kundi la pili, kwa sharti moja. Nobu ikizungushwa kwa kasi, paneli ikusanye hatua na kuzituma kwa mkupuo badala ya kumwaga amri moja moja hadi nyingine zipotee njiani. Wapo wanaochanganya: paneli inaonyesha makadirio yake papo hapo, kisha baada ya nusu sekunde ya utulivu inakubali ya simuleta. Ni ujanja mzuri, ila una mitego mingi kuliko faida kwa mtu anayejenga redio yake ya kwanza.

Njia ya kuzungumza na simuleta imekuwa rahisi sana kulinganisha na zamani. Tangu Flight Simulator X ya mwaka 2006, Microsoft ina mlango rasmi uitwao SimConnect. Simuleta ya X-Plane ina orodha yake ndefu ya thamani zinazosomeka na kuandikika. FlightGear, ambayo ni ya bure kabisa na inakubali kompyuta za Linux, inaweza kutoa na kupokea masafa kupitia mtandao wa ndani kwa maandishi ya kawaida. Katikati kuna MobiFlight, programu huria inayomruhusu mtu kuunganisha bodi ya Arduino, yaani ile kompyuta ndogo ya ndani ya paneli, na simuleta bila kuandika mstari wa programu. Arduino Mega ina njia 54 za kidijitali, za kutosha redio mbili na transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, bila kubana. Asiyejua kuandika programu hana kisingizio tena, ingawa ajue kwamba urahisi huo unaficha yale yale niliyoyataja: MobiFlight itakuuliza utumie amri ipi, na kujua kwamba kuna inayobeba na isiyobeba ni kazi yako.

Halafu ikaja Ulaya na kilohezi 8.33. Bendi ya mawasiliano ya ndege inaanzia 118.000 hadi 136.975. Kwa nafasi za kilohezi 25 hiyo ni idhaa 760, na kwa anga la Ulaya hazikutosha. Kuanzia 1999 kila nafasi ya 25 ilianza kugawanywa mara tatu kwa ndege za juu, na kufikia 2018 utaratibu ulishuka hadi kwa ndege ndogo. Majina ya idhaa mpya yalipangwa kwa werevu unaomchanganya mjenzi: .000 ni ya kilohezi 25, halafu .005, .010 na .015 ni za 8.33, kisha .025 ni ya 25 tena. Hakuna .020. Kila robo ya kilohezi 100 ina majina manne, kwa hiyo megahezi moja ina 160. Enkoda yenye mlio wa tak mara 24 kwa mzunguko, ambayo kwa hatua za 25 ilimaliza megahezi kwa chini ya mizunguko miwili, sasa inadai karibu saba. Na programu za simuleta zenyewe zilikwama: Microsoft ilikuwa inahifadhi masafa kwa tarakimu nne, ikitupa ile 1 ya mwanzo na tarakimu ya mwisho, 122.80 ikawa 2280, na nafasi ya tarakimu ya tatu baada ya nukta haikuwepo. Toleo la 2020 likaongeza amri zinazopokea hezi kamili.

Je, mjenzi wa huku alivae tatizo hilo? Kwa anayeruka Nairobi, Zanzibar na Entebbe, nafasi za 25 zinatosha, na redio ya zamani inayoonyesha 118.02 kwa maana ya 118.025 ni halali kabisa. Hata masafa ambayo marubani wanaovuka anga za Afrika hutangazia mahali walipo, pale ambapo mawasiliano na waongozaji ni hafifu, ni 126.900, ambayo KX 155 inayaweka bila shida. Anayetaka kuruka London au Frankfurt kwenye mtandao wa VATSIM au IVAO, ambako waongozaji wa kujitolea huzungumza kwa sauti na redio yako ndiyo inayoamua unamsikia nani, ajenge dirisha la tarakimu sita tangu mwanzo. Kuongeza tarakimu baadaye ni kuvunja na kujenga upya.

Nimetaja mitandao hiyo kwa makusudi. Bila mtu wa upande wa pili, redio ya nakala ni pambo lenye taa. VATSIM ilianza mwaka 2001, na palipo na mwongozaji ukikosea tarakimu moja hujibiwi, au unaingilia mazungumzo ya mnara wa mji mwingine. Nidhamu inayotokana na aibu hiyo haitengenezwi na akriliki.

Uso wenyewe nisiupitie kwa dharau, maana una ufundi wake. Njia iliyozoeleka ni akriliki nyeupe inayopitisha mwanga, inayopakwa rangi ya kijivu au nyeusi, kisha leza inachonga herufi kwa kuondoa rangi tu. Taa zikiwekwa nyuma, maandishi yanawaka usiku. Mafundi wa mabango walio na mashine ya leza wanaweza kuifanya kwa muda mfupi ukiwapa mchoro sahihi. Printa ya 3D inafaa kwa nobu na boksi, ila plastiki ya PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo paneli usiisahau ndani ya gari lililoegeshwa juani. Wanaojenga Boeing 737 wana faraja yao: paneli za ndege kubwa zina upana wa kawaida wa inchi 5.75 na hufungwa kwa skrubu za robo mzunguko kwenye reli zenye matundu kila thumuni tatu za inchi, yaani milimita 9.5, kwa hiyo paneli ya fundi mmoja huingia kwenye reli ya mwingine. Wengine hununua boksi la redio mbovu halisi na kulijaza vifaa vyao. Hapo niweke tahadhari: kisambazaji kilichomo kiondolewe. Kurusha mawimbi kwenye bendi ya ndege bila leseni ni kosa, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya au ile ya Tanzania, TCRA, hawataona utani.

Asiyetaka kulehemu ana njia mbili. Ya kwanza ni paneli ya dukani, kama ile ya Saitek, kampuni ambayo Logitech iliinunua mwaka 2016. Ina mistari miwili ya tarakimu tano na, kwa kila mstari, nobu ya kuchagua kama sasa hii ni redio ya mawasiliano ya kwanza, ya pili, ya urambazaji, ADF (kitafuta mwelekeo wa kituo cha redio) au transponda. Inaokoa nafasi na fedha. Lakini nobu hiyo ya kuchagua haipo kwenye ndege, na rubani anayeizoea atafika kwenye Cessna akitafuta kitu kisichokuwepo. Ya pili ni kuweka skrini ndogo nyuma ya bamba lenye matundu: picha ya redio inachorwa na kompyuta, nobu pekee ndizo za kweli. Kwa redio za tarakimu ni kutumia jembe kuchimba shimo la sindano. Kwa vifaa vyenye ramani, ndiyo njia yenye akili.

Na faida yake kwa rubani wa kweli? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois uliotolewa 1999 ulipima wanafunzi waliofundishwa kuruka kwa vyombo kwa kompyuta za mezani kabla ya kupanda ndege. Ulionyesha kwamba muda wa ndege uliokolewa hasa pale jambo lilipokuwa jipya kwa mwanafunzi. Kwa mambo aliyokwisha kuyajua, akiba ilikuwa ndogo. Hilo linaendana na akili ya kawaida. Paneli ya nyumbani ni nzuri kwa kujifunza utaratibu: weka, sikiliza utambulisho wa Morse, thibitisha, badilisha. Saa zake hazihesabiwi popote. Marekani inaruhusu saa 10 au 20 za kifaa kilichoidhinishwa kwenye sifa ya kuruka kwa vyombo, kulingana na daraja la kifaa, na idhini hiyo haitolewi kwa boksi ulilolehemu sebuleni. Kwa mamlaka za usafiri wa anga za Kenya (KCAA) na Tanzania (TCAA) pia, kifaa cha mafunzo lazima kiwe kimeidhinishwa.

Kwa anayeanza ningemshauri asianze na KX 155. Aanze na transponda. Ni tarakimu nne tu, kila moja kutoka 0 hadi 7, misimbo 4096 kwa jumla, haina nukta wala masafa yanayosubiri, na makosa yake yanaonekana mara moja: ukiona 8, programu yako ni mbovu. Ina pia uzito wake, maana 7500, 7600 na 7700 ni misimbo ya dharura ambayo kila rubani lazima aweze kuiingiza bila kufikiri. ADF ningeiacha kabisa isipokuwa kwa anayependa ndege za zamani, kwa kuwa vituo vyake vinazidi kuzimwa duniani, na Marekani inapunguza hata vituo vya urambazaji vya VOR kubakisha mtandao wa dharura tu.

Kilichochukua nafasi yao ni GPS. Garmin GNS 430 ya mwaka 1998 iliunganisha redio, urambazaji na ramani ndogo ya rangi, na nobu mbili zilizovishana zikabaki pale pale, sasa zikifungua kurasa na kuandika majina ya viwanja. Kwa nakala yake, skrini nyuma ya bamba ni lazima, na enkoda mbili za mihimili miwili, na vitufe vinavyolia vikibonyezwa. Ni mradi mgumu kuliko KX 155 kwa upande wa mkono, mwepesi kwa upande wa waya. GTN 750 iliyofuata mwaka 2011 inaguswa kwa kidole, masafa yanaandikwa kama namba ya simu. Kwa hiyo tableti iliyofungwa kwenye fremu imeshakuwa nakala yake, na kilichobaki kwa fundi ni nobu mbili na vitufe viwili vya pembeni.